Watoto Hawapendi Marashi

Toyota nyeupe ilikata kona bila kuwasha taa.

Pikipiki nayo ikakata.

Mwendeshaji alikuwa amejilaza juu ya tangi la Honda yake, kofia ngumu imemziba uso, jicho halibanduki kwenye namba za gari. Aliacha magari mawili kati yao. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyowafundisha waliokuja baada yake. Katika Idara ya ujasusi walimwita Nukta, kwa sababu akifika yeye, habari imekwisha.

Toyota ikapunguza mwendo mbele ya duka la dawa. Mwanamume mrefu akatoka kivulini, amekumbatia kisanduku cha barafu kama mtu aliyebeba kichanga. Akafunguliwa mlango, akaingia. Dereva wa Toyota akacheka.

Nukta alikijua kicheko hicho.

Alikuwa amekioa.

Ndani ya kofia ngumu, kisikilizio kilikoroma kidogo kisha sauti ikasafika. Kinasa sauti alikuwa amekipachika mwenyewe wiki iliyopita kwenye kibao cha kuzuia jua cha gari la mkewe. Kilikuwa na umbo la kifungo cha shati. Kilikuwa mali ya serikali, na serikali haikukinunua kwa kazi hii.

"Umewaacha wamelala?" aliuliza mkewe.

"Fofofo. Nimewalisha alfajiri, nikafunga mlango polepole, nikanyata."

"Hawakusumbua?"

"Hawa? Hawa wamemfuata mama yao. Watulivu."

Kicheko tena.

"Masikini watoto wetu," mkewe alisema, kwa sauti laini ambayo Nukta hakuwa ameisikia nyumbani kwa muda mrefu. "Leo wasituaibishe."

Watoto wetu.

Nukta alipita taa nyekundu bila kuiona. Lori likafunga breki ubavuni mwake, na dereva wake akamtukania ukoo mzima, waliokufa na watakaozaliwa.

Watakaozaliwa. Hapo hasa ndipo palipouma. Nukta na mkewe walikuwa wamezunguka hospitali zote za mji, wakachoka, wakakubaliana wasilizungumze tena. Hawakuwa wamelizungumza tena. Na sasa mke huyohuyo alikuwa kwenye gari, anacheka na mwanamume mwingine, wanaulizana kama watoto wamekula.

Simu ikatetemeka kifuani.

"Shangazi anaumwa," ilisema sauti ya mwanamke. "Anataka ndimu."

Maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: acha ulichoshika, kuna kazi. Aliyeyasema ndiye Shangazi mwenyewe, mkuu wa shughuli za siri, mwanamke ambaye kwa kadiri Nukta alivyojua hakuwa na kaka wala mpwa duniani.

"Ndimu za wapi?"

"Maabara ya maji ya mji. Uko wapi sasa hivi?"

Mbele yake, Toyota nyeupe ilikuwa inaingia geti la maabara ya maji ya mji, kazini kwa mkewe.

"Karibu," alisema Nukta.

"Karibu wapi?"

"Karibu tu, Shangazi."

Akaegesha pikipiki chini ya ukuta na kumsikiliza. Shangazi hakuwa mtu wa maneno mengi.

Kulikuwa na genge kutoka nje, Idara iliwaita Bomba. Walikuwa na unga wa kusafishia maji, walioupa jina la Kioo. Unautia kwenye maji ya matope, yanang'aa kama kioo kweli. Waliupima kwa samaki, samaki hakufa. Wakaupima kwa panya, panya akanenepa. Nchi mbili zilikuwa zimeshadanganyika.

"Ila maabara hii imeachana na samaki na panya," alisema Shangazi. "Wanapima kwa seli za ini la mtu, wanazikuza humo humo ndani. Wamezinywesha maji ya Kioo. Zimekufa. Saa sita mchana wanaionyesha Bodi ya Maji. Bodi ikiona, Bomba wamekwisha. Bodi isipoona, lori la Kioo limeshasimama kwenye bwawa, linasubiri kumwaga. Jioni mji mzima unakunywa."

"Na Bomba watafanya nini?"

"Wataziua seli zote. Zile za maji safi pia. Zikifa zote, kipimo ni kichekesho, na samaki wao ndiye shahidi. Mtu wao ataingia leo, kama hajaingia. Hatuna picha yake. Tunamwita Maridadi, maana kila aliyemwona hakumbuki uso, anakumbuka alivyopendeza."

Nukta alitazama getini. Mwanamume mrefu alikuwa anashuka kwenye Toyota na kisanduku chake. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata mikunjo yake ingeweza kukata mkate.

"Ameshaingia," alisema Nukta. "Namjua."

"Una ushahidi?"

"Ninao."

"Nukta. Nimesema ushahidi. Sijasema hasira."

Shangazi akakata simu.

* * *

Mkewe alijua kwamba mumewe anauza na kukagua mitungi ya kuzimia moto. Hilo ndilo lililokuwa pazia lake miaka yote, na lilimfaa, kwa sababu hakuna jengo lisilo na mtungi na hakuna anayemtazama mara mbili mtu aliyeubeba. Nukta akavaa ovaroli nyekundu, akatupa mtungi begani. Bastola yake, Beretta, ilikuwa kwapani, chini ya ovaroli.

"Karibu fundi," alisema mlinzi wa geti, mzee mwenye redio ndogo. "Lakini ukifika ndani usigonge gonge. Watoto wana siku kubwa leo."

"Watoto gani?"

"Wa mama na Daktari!" Mlinzi akacheka hadi mapengo yakaonekana. "Wewe hujui? Jengo zima linajua."

Nukta alitia sahihi kitabuni, akapita.

Jengo zima linajua.

Ndani, ukanda ulikuwa mrefu, umesafishwa kwa dawa yenye harufu ya klorini. Kando ya ukuta yalipangwa matangi ya samaki, makavu, moja limewekwa miavuli. Vizimba vya panya vilikuwa vimegeuzwa makabati ya viatu. Mtu alikuwa amebandika karatasi juu yake: WENYEWE WAMESTAAFU, ASANTENI KWA UTUMISHI.

Nukta hakucheka. Alikuwa anafikiria chupa.

Chupa hiyo ilikuwa kwenye meza ya kujipambia nyumbani, na utepe wake. Marashi. Alikuwa amemnunulia mkewe walipofikisha miaka kumi ya ndoa. Tangu mkewe ahamie chumba kipya cha maabara hii, hakuifungua. Hata poda aliacha. Anatoka nyumbani ananukia sabuni ya kipande tu. Nukta alikuwa ameshawachunguza wanawake wengi waliokuwa na siri, na wote walizidisha marashi. Huyu wake aliacha kabisa. Kwa hiyo, Nukta aliwaza, huyo bwana ndiye anayependa hivyo. Ndiye aliyemwambia, njoo ulivyo.

Hapo ndipo alipopishana na mtu.

Koti jeupe, barakoa, kofia ya nywele, mikononi chupa ya maji ya rangi ya waridi. Walisogezana kama watu wanavyosogezana ukandani. Mtu yule alimwinamia kidogo kwa adabu, na nyuma yake ikabaki harufu tamu ya udi na limau, ya bei.

Nukta alimwonea wivu. Huyu angalau, alijisemea, ana mke anayemnunulia marashi, na yeye anayapaka.

Akaendelea na safari yake.

"We! Zimamoto!"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, miwani juu ya kichwa. Hilo ndilo jina la utani alilompa Nukta nyumbani. "Umefuata nini huku?"

"Kazi. Mitungi yenu imepitwa na wakati."

"Leo ndio umekumbuka? Siku zote nakwambia njoo uone ninapofanya kazi, unasema umebanwa."

"Leo nimebanduliwa."

Akacheka, kicheko kilekile cha kwenye gari. Nukta akajiuliza zipo seti ngapi za kicheko hicho.

"Basi mkaguzi, huyu hapa Daktari wa seli, kaka yangu wa kazi. Kaka, huyu ndiye mume wangu."

Yule mrefu alikuwa nyuma yake. Hakutoa mkono. Alinyoosha kiwiko.

"Shemeji! Samahani, nimevaa glavu. Habari zako tunazisikia kila siku."

"Zangu mnazisikia," alisema Nukta. "Zenu ndio mimi sizisikii."

Akamsogelea, akavuta pumzi kimyakimya kama mbwa wa polisi. Alitegemea kukuta kitu. Sabuni ya kipande. Ileile.

Damu ikamchemka.

"Mke wangu, nenda kaendelee na mambo yako. Daktari atanionyesha mtungi wa stoo."

"Haya. Mimi naingia kwa watoto." Akashika kitasa cha mlango wa mwisho. "Msichelewe."

* * *

Stoo ilikuwa na maboksi ya glavu hadi darini. Nukta alifunga mlango kwa kisigino na kutoa Beretta.

"Mikono juu."

Daktari akainua mikono. Rangi ilimtoka.

"Shemeji, ni utani?"

"Usiniite shemeji. Mna watoto wangapi?"

"Na nani?"

"Na mke wangu!"

Daktari alifikiri, kama mtu aliyeulizwa swali la kikazi mahali pabaya. "Walio hai? Sahani sita."

"Nini?"

"Sahani sita. Ilikuwepo ya saba, ikaota ukungu. Tukaitupa."

"Nakuuliza watoto, unanijibu vyombo?"

"Ndio hao!" Daktari alikuwa karibu kulia. "Seli. Seli za ini! Zinaishi kwenye sahani, kwenye kabati lenye joto la mwili wa mtu. Zinakula, na chakula chenyewe hubebwa kwenye barafu; zinachafua, zinasafishwa. Ukizisahau Jumapili, Jumatatu unazika. Dada ndiye aliyeanza kuziita watoto. Sasa hata mlinzi anaziita hivyo."

Mahali fulani bomba lilikuwa linadondosha tone.

Nukta alikuwa amewahi kupigwa risasi mara mbili, na zote hazikumfanya ajisikie hivi. Lakini wivu ukishawaka hauzimiki kwa ndoo moja.

"Na marashi?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kwa nini ameacha marashi?"

"Sote tumeacha. Mvuke wake unaingia kabatini, watoto wanadhoofika. Hakuna anayeingia chumba kile ananukia, ndiyo sheria ya kwanza. Na dada analalamika kila siku, afadhali ungemnunulia viatu. Anasema, mume wangu kanipa chupa nzuri hivi, na mimi naihifadhi mpaka likizo kama bibi harusi."

Nukta alishusha bastola.

Kisha akaganda.

Hakuna anayeingia chumba kile ananukia.

"Nani mwingine anawalisha?"

"Leo? Mimi na dada tu. Na nimeshawalisha."

"Chakula chao kina rangi gani?"

"Ya waridi. Kwa nini, she—"

Nukta alikuwa ameshatoka. Udi na limau. Maridadi alipita begani pake, akamwinamia kwa adabu, na yeye, Nukta wa Idara, akabaki kumwonea wivu wa marashi.

Alikimbia bila sauti. Mtungi alikuwa ameushika mkononi. Kutoka mlango wa mwisho alimsikia mkewe.

"Toka! Nimesema toka, unanukia! Wewe ni mwanafunzi wa nani? Hujafundishwa?"

Kisha kimya.

Dirisha dogo la mlango lilimwonyesha yote. Mkewe amesimama mbele ya kabati la joto, mikono ameitandaza. Mbele yake koti jeupe, chupa mkono mmoja, Glock yenye kiwambo cha kuzuia sauti mkono wa pili.

"Sogea, mama," alisema Maridadi. "Sina haja na wewe."

"Sisogei. Ukiwataka hawa anza na mimi."

Nukta alipiga hesabu. Akifyatua, risasi itampita Maridadi, itaingia kabatini au kwa mkewe. Akipuliza mtungi, unga wake utajaa chumba na watoto watakufa kabla ya saa sita, kazi ya Bomba itakuwa imefanywa na serikali.

Basi akaufanyia mtungi kile ambacho hakuna kitabu cha mafunzo kilichowahi kukiandika.

Akasukuma mlango kwa bega na kuubingirisha.

Chuma kizito kiliviringika kwenye sakafu laini na kumpata Maridadi nyuma ya vifundo vya miguu. Alikalia hewa. Glock ikakohoa, taa ya dari ikapasuka. Chupa ya waridi ikaruka juu, inazunguka.

"Chupa!" mkewe alipiga kelele. "Isimwagike!"

Daktari, aliyekuwa anakuja mbio nyuma, aliidaka kwa mikono miwili, magoti chini.

Aliidaka vizuri sana. Nukta, akiwa tayari amemkalia Maridadi mgongoni na kumpindisha mkono, alipata nafasi ya kuudhika na hilo pia.

Barakoa ikamvuka Maridadi. Uso ulikuwa wa kawaida, hauna cha kukumbukwa. Saa ya dhahabu, kucha zimesuguliwa.

"Kwa kosa la bastola mtanifunga," alisema Maridadi, anahema, lakini anatabasamu. "Chupa hiyo ni sukari na chumvi. Hamuwezi kuonyesha chochote kabla ya Bodi kukaa."

Mkewe alivuta pazia. Chumba kikawa kiza, na juu ya meza mirija midogo ya kioo ikaonekana inang'aa, rangi ya bluu na kijani, kama macho ya paka. Nukta alidhani ni kifaa cha umeme.

"Hawa ni bakteria," alisema mkewe kwa sauti ndogo, kama anayewaambia wageni. "Wakiwa wazima wanawaka. Kabla hatujawapa watoto kitu, hawa ndio wanaoonja."

Akachota tone moja la waridi. Akalidondosha.

Mwanga ukafifia. Ukawa wa majivu. Ukazimika.

"Sukari gani hii inazima taa?"

Maridadi hakutabasamu tena. Nukta akamfunga pingu, akamwinamia sikioni, na harufu ya udi ikamjaa puani.

"Ulikuja kutafuta seli," alisema. "Twende. Kwetu zipo, na zina mlango wa chuma."

* * *

Saa sita Bodi ya Maji ilikaa. Mwenyekiti alitazama kwenye hadubini sahani ya maji safi, akaona seli zimeshikana kama mawe ya barabara mpya. Akatazama sahani ya Kioo, akaona makombo.

"Na panya walionenepa?" aliuliza.

"Panya ana ini la panya, mheshimiwa," alisema mkewe Nukta. "Na yule samaki alitazamwa siku nne, hajafa. Mtu anakunywa miaka. Sisi tumewauliza wanaohusika."

Shangazi alipiga simu baada ya kikao kuvunjika.

"Lori limegeuzwa bwawani. Dereva anaongea kuliko redio. Vizuri, Nukta. Asubuhi ulifika haraka mno. Ulikuwa wapi hasa?"

Nukta alitazama Toyota nyeupe pale uani.

"Nilikuwa namfuata mke wangu, Shangazi."

"Najua. Honda ni yetu, ina kidude chetu. Kifungo kirudi stoo kesho."

Alipogeuka, mkewe alikuwa nyuma yake. Alishika kiganja chake, akakifungua, akaweka humo kitu kidogo chenye umbo la kifungo cha shati.

"Nimekichomoa garini kwangu. Kilikuwa kinaning'inia. Mimi sina nguo yenye vifungo vya namna hii." Hakuwa amepandisha sauti. "Na wauza mitungi hawatembei na bastola. Hilo la bastola tutaliongea taratibu, ninaweza kulielewa. Hili la kifungo..."

"Nilisikia watoto wetu."

Mkewe alifumba macho kidogo.

"Ungeniuliza."

"Ungenijibu nini?"

"Ningekwambia njoo uwaone. Kama nilivyokwambia siku zote."

Nukta akakifumbata kifungo.

Mkewe alimwacha asimame hivyo kwa muda aliostahili. Kisha akasema, "Kaoge. Unanuka udi wa yule mtu. Ukitakata, uje."

Alioga kwenye bafu la wafanyakazi, kwa sabuni ya kipande. Akavaa koti jeupe lililomfupia. Ndani ya chumba, mkewe alifungua kabati, akatoa sahani kwa mikono miwili, akaitazama kwanza yeye mwenyewe. Akaitazama kwa jicho lile ambalo zamani lilikuwa la mtu mmoja tu duniani.

Nukta akahisi kitu kinamchoma tena, palepale kifuani. Sasa alikuwa anazionea wivu seli.

"Wazuri?" aliuliza mkewe.

Akainama kwenye hadubini. Aliangalia muda mrefu.

"Wamekufuata wewe," alisema.

Nukta akatupa mtungi begani, akampita Daktari ukandani na kumnyooshea kiwiko.

"Shemeji," alisema.

Nje, jua lilikuwa kali. Akawasha Honda. Akaondoka polepole, bila kumfuata mtu yeyote.